Waogeleaji wa Sydney na Somo kwa Matawi Yetu



Somo la safari hii ni juu ya furaha. Huenda wengine watashangaa. Watasema kazi ya chama ni mishahara, likizo na fidia, na furaha ni jambo la mtu na nyumba yake. Sisi tunaozunguka matawini tunaona vingine. Tunakutana na wenzetu waliostaafu baada ya miaka thelathini kazini. Pensheni ikichelewa wanalalamika, na ni haki yao. Lakini hata wale wanaoipata kwa wakati hutuambia hivi: "Tangu niache kazi, hakuna anayeniuliza niko wapi." Mtu wa namna hii huzeeka upesi. Basi hilo nalo ni jambo la chama.

Ili tulielewe vizuri, tutazame mfano wa mbali. Huko Sydney, Australia, watu wa kawaida hukutana kuogelea baharini, vijana kwa wazee. Tuone walifikaje hapo.

1. Wakati wa kupumzika ulipiganiwa

Mfanyakazi asiye na wakati hawezi kuogelea wala kukaa na rafiki. Mwaka 1855 mafundi wa kuchonga mawe wa Sydney waligoma wakidai siku ya kazi ya saa nane, wakashinda. Tarehe 21 Aprili 1856 wenzao wa Melbourne nao waliandamana kwa dai hilo hilo. Hesabu yao ilikuwa rahisi: saa nane za kazi, saa nane za kulala, na saa nane za mtu mwenyewe. Wafanyakazi wa kazi nyingine walingoja miaka mingi kabla ya kupata haki hiyo, lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Bahari nayo ilikuwa na kizuizi. Kuogelea mchana mbele ya watu kulikatazwa. Mwaka 1902, huko Manly, mhariri wa gazeti aitwaye William Gocher alitangaza kwamba ataingia majini mchana, na akaingia. Mwaka 1903 baraza la mji lilitoa ruhusa, mradi waogeleaji wavae nguo za kuwasitiri.

2. Kamba moja, watu wengi

Watu wakajaa ufukoni, na wengi hawakujua kuogelea. Wengine wakafa maji. Hapo wananchi wakaunda vikundi vya kujitolea vya kuokoa wanaozama. Mwaka 1907 vikundi vya jimbo la New South Wales viliungana kuwa shirikisho moja.

Chombo chao kikuu kilikuwa gurudumu la kukunjia kamba, lililosimamishwa mchangani. Mmoja alijifunga mkanda wenye kamba, akaogelea mpaka kwa anayezama. Wenzake wa nchi kavu waliiachia kamba taratibu, na alipowapa ishara waliivuta. Anayeonekana na watu ni yule aliye majini. Lakini bila walioshika kamba, wangeweza kufa wawili badala ya mmoja.

Tarehe 6 Februari 1938, katika ufuko wa Bondi, mawimbi makubwa yalipiga moja baada ya jingine yakawavuta watu zaidi ya 200 kuwapeleka kilindini. Siku hiyo waokoaji wengi walikuwa wamekusanyika kwa mashindano yao. Wakaingia majini mara moja. Watu watano walikufa, na wengine wote waliokolewa. Waokoaji hao walikuwa watu wa kujitolea. Walikuwa wamefanya mazoezi pamoja wiki kwa wiki, kila mmoja akijua mahali pake kwenye kamba.

Kwa miaka mingi wanawake hawakukubaliwa kuwa waokoaji kamili. Haki hiyo waliipata mwaka 1980. Hapo tena tunaona kwamba hata chama kizuri huhitaji kusukumwa na wanachama wake.

3. Jumapili tatu katika kila nne

Mwaka 1929 baadhi ya waokoaji wa Bondi walitaka kubaki imara wakati wa baridi, ambao huko huanzia katikati ya mwaka. Wakaunda klabu yao wakaiita Bondi Icebergs, yaani milima ya barafu ya Bondi. Waliweka sharti moja gumu. Anayetaka uanachama kamili lazima aogelee Jumapili tatu katika kila nne, toka Mei hadi Septemba, kwa muda wa miaka mitano.

Tulifikirie sharti hilo. Halimtaki mtu awe na mbio wala fedha. Linamtaka aje. Akija anahesabiwa, na asipokuja pengo lake linaonekana.

Huko Manly nako, tangu mwaka 2008, kuna kundi linaloogelea kila siku saa moja asubuhi. Huvaa kofia za rangi ya waridi ili waonekane majini. Huenda mpaka Shelly Beach na kurudi, mwendo wa kilomita moja na nusu hivi, katika ghuba ambayo uvuvi umekatazwa. Wenye mbio hutangulia, wa pole pole hufuata. Wakitoka majini hukaa pamoja wakazungumza.

4. Furaha inatoka wapi?

Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia wanaume katika maisha yao yote. Uchunguzi huo ulikuja kuwahusu wanafunzi wa chuo hicho pamoja na vijana wa familia maskini za mji wa Boston. Baada ya miaka mingi watafiti waliona kwamba waliokuwa na uhusiano mwema na watu wao wa karibu walizeeka na afya na furaha zaidi. Fedha na sifa peke yake hazikuwafikisha hapo.

Mfano wa Sydney unatuonyesha jinsi uhusiano huo unavyojengwa. Tunaona mambo matatu: saa maalumu ya kukutana, wenzako wanaokungoja, na kazi yenye faida kwa mwingine. Kazini tulikuwa nayo yote matatu bila kuyatafuta. Siku ya kustaafu huondoka yote pamoja, na mtu hubaki na kiti chake barazani.

5. Tufanye nini matawini?

Hatusemi kila tawi likimbilie majini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Matawi ya pwani na ya maziwani yakitaka kuogelea, yaanze na mwalimu anayejua, mahali salama, na pasiwe na mtu wa kuingia peke yake. Mengine yanaweza kuchagua shamba la pamoja, matembezi ya asubuhi au ngoma.

Lolote mtakalochagua, fanyeni hivi:

(a) Wekeni siku moja na saa moja, msizibadilishe ovyo.
(b) Wekeni daftari la mahudhurio. Asiyekuja mara mbili, mtu aende kwake kumjulia hali.
(c) Mpeni kila mstaafu kazi ya kweli, kama kufundisha vijana ufundi au kutunza daftari hilo. Msimwite ili akae mbele apigiwe makofi tu.

Maswali ya kujadili

1. Ni wastaafu wangapi wa tawi letu ambao hatujawaona tangu mwaka jana? Watajeni kwa majina.
2. Ni saa gani ambayo wafanyakazi wa zamu zote wanaweza kukutana?
3. Katika tawi letu, nani wameshika kamba bila kuonekana?

Katibu wa tawi aandike majibu. La kwanza msilijibu kwa maneno tu. Kikao kikiisha, gawaneni majina hayo mwende mkabishe hodi.