Fankisheni Bandia Katika Majaribio ya Programu

Programu ya duka humsalimia mteja "Habari za asubuhi" kabla ya saa sita mchana, na "Habari za mchana" baada ya hapo. Jaribio lake linapita saa tatu asubuhi, linafeli saa tisa alasiri, na hakuna aliyegusa msimbo. Maswali yafuatayo huulizwa sana na waandishi wa programu waliokutana na tatizo la aina hii, hasa wanaotumia Python.

Kwa nini mtu abadilishe fankisheni iliyokuja na lugha yenyewe?

Kwa sababu fankisheni kama open, input na zile za saa hutegemea mambo yaliyo nje ya programu: diski, mtu aliyekaa kwenye kibodi, majira. Jaribio la kipande linatakiwa litoe jibu lilelile kila linapoendeshwa, iwe kwenye kompyuta ya Mwanza au kwenye seva iliyowekwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3.

Sababu nyingine ina uzito zaidi, nayo ni hitilafu. Programu itafanya nini diski ikijaa katikati ya kuandika risiti? Hakuna anayejaza diski yake makusudi ili apate kujua. Fankisheni bandia, inayowekwa mahali pa ile ya kweli, hurusha kosa hilo papo hapo.

Inafanyikaje?

Python ina maktaba ya unittest.mock, iliyoanzishwa na Michael Foord na kuingizwa rasmi kwenye lugha katika toleo la 3.3, mwaka 2012. Tuseme moduli inayojaribiwa inaitwa risiti; patch ya maktaba hiyo huweka bandia mahali pa open yake:

with patch("risiti.open", side_effect=OSError(28, "Diski imejaa")):
    hifadhi_risiti()

Namba 28 ndiyo Linux huitoa nafasi inapokwisha. Mistari ya ndani ikimalizika, open ya kweli hurudi mahali pake, hata kama jaribio limefeli.

Mbona nimebadilisha time.time, na ile ya kweli bado inaitwa?

Hapa ndipo wengi hukwama. Moduli ikiandika "from time import time", inakuwa imeshachukua jina lake yenyewe, na mabadiliko ya kule ilikotoka hayaifikii tena. Kinachobadilishwa ni jina linalotazamwa na msimbo unaojaribiwa, yaani risiti.time.

Ndiyo sababu pia risiti.open ni salama kuliko builtins.open. Hii ya pili hubadilisha open ya programu nzima, na maktaba nyingine ikitaka kufungua faili wakati huohuo nayo hupewa bandia. Makosa yanayozuka hapo huonekana hayana uhusiano wowote na jaribio.

Na datetime inayokataa kabisa?

Aina hiyo imeandikwa kwa C, na Python hairuhusu kubandika now mpya juu yake. Hujibu kwa TypeError. Mtu anaweza kubadilisha jina zima la datetime ndani ya moduli yake. Lakini dawa nzuri zaidi ni kuipa fankisheni saa kama hoja: salamu(sasa). Jaribio linapeleka saa linayoitaka, na bandia haihitajiki tena. Inapowezekana kufanya hivi, ifanywe.

Kwa faili vivyo hivyo. mock_open ya unittest.mock hutoa maandishi uliyoyaandaa, ila haikagui njia ya faili, na ukiandika kitu kisha ukakisoma hakirudi. Kwa usomaji na uandishi wa kawaida, faili halisi kwenye folda ya muda, kama tmp_path ya pytest, hupima mengi zaidi.

Jaribio likipita, liaminiwe?

Si mara zote. Bandia hukubali karibu kila jina unaloiita. Kwa miaka mingi mstari "assert bandia.called_once()" ulipita daima, hata kama fankisheni haikuitwa kamwe, kwa kuwa jina hilo lilizaa bandia nyingine tu. Python 3.12 ndiyo iliyoanza kulikataa. Kuongeza autospec=True kwenye patch husaidia kukamata hoja zisizolingana na fankisheni halisi, lakini kipimo kizuri ni kuharibu msimbo kwa makusudi na kuona kama jaribio linafeli.

Wanaotumia PHP je?

Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2009, msimbo ulio ndani ya nafasi ya majina ya Duka ukiita time(), PHP hutafuta kwanza Duka\time, kisha ile ya lugha. Inatosha jaribio kutangaza fankisheni ya jina hilo kabla msimbo haujaiita. Ila mwandishi akiwa ameandika \time(), mlango huo umefungwa, na itabidi saa ipitishwe kama hoja.