Fedha ya Shule Huzaa Nini?

Fundisho la mwezi kwa wazee wa sharika, wazazi na vijana



Katika sharika zetu za Tarime na Serengeti twasikia maneno mawili juu ya shule, na kila neno lina watu wake. Wengine husema: Elimu sasa ni bure, serikali imejitwika mzigo wote, sisi tuna kazi gani tena? Wengine husema: Fedha nyingi imekwisha kumwagwa shuleni, walakini mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma; basi fedha haina faida. Maneno haya hupingana, lakini mwisho wake ni mmoja: mzazi hufunga mfuko wake na kurudi zizini kuhesabu ng'ombe. Kwa hiyo tumeona vema tulichunguze jambo hili kwa utaratibu. Je, fedha itumikayo kwa shule humwongezea mtoto maarifa? Na akiisha kuwa mtu mzima, humwongezea riziki?

1. Tuliyoyaona katika nchi yetu

Mkoa wetu wa Mara una sehemu kubwa katika habari hii. Mwaka 1934 mtoto mmoja wa Butiama, Julius Nyerere, aliingia shule ya Mwisenge pale Musoma, na mwaka 1937 akaendelea Tabora. Siku zile nafasi za shule zilikuwa chache mno. Miongoni mwa watoto waliobaki machungani walikuwamo wenye akili nyingi, lakini nani awezaye kusema wangalikuwa watu gani? Mlango haukufunguliwa kwao.

Baada ya miaka arobaini, mwezi wa Novemba 1974, chama cha TANU kilikutana Musoma hiyohiyo, kikaazimu kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Hilo ndilo Azimio la Musoma. Watoto wakaja kwa wingi. Lakini waalimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe upesi ili wafundishe wenzao. Vitabu na madawati navyo vikawa haba. Nchi ilipopatwa na shida ya uchumi katika miaka ya 1980, wazazi wakatakiwa tena kulipa.

Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa mara ya pili. Wanafunzi, waliokuwa milioni 4.4 hivi mwaka 2000, wakafika milioni 7.5 hivi mwaka 2005. Katika mpango ulioanza mwaka 2002, kila mwanafunzi alipangiwa ruzuku ya dola 10 za Kimarekani kwa mwaka, yaani shilingi 10,000 hivi kwa thamani ya siku zile. Kisha, tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ada na michango ya lazima iliondolewa hata kidato cha nne, na ruzuku ikaanza kupelekwa moja kwa moja shuleni.

Hapa twaomba msomaji achukue kalamu ahesabu pamoja nasi. Kiasi cha mwaka 2016 kwa mtoto wa shule ya msingi kilikuwa kile kile cha shilingi 10,000, ingawa bei za vitu zilikuwa zimepanda sana tangu 2002. Katika hizo, shilingi 4,000 zilishikwa kwa ajili ya vitabu, na shilingi 6,000 zikaenda shuleni. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya shilingi 6,000 kwa siku hizo, utapata shilingi 31 hivi kwa mtoto kwa siku. Hazifiki bei ya andazi moja. Kwa hizo zinunuliwe chaki na karatasi za mitihani, na milango itengenezwe. Mishahara ya waalimu hulipwa kando na serikali, hilo ni kweli. Lakini asemaye kwamba shule imejaa fedha hajahesabu.

2. Faida ionekanayo baada ya miaka mingi

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa maana kuna nchi iliyofanya jambo linalotuhusu sana sisi wenye dhahabu. Indonesia ina mafuta ardhini. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, serikali yao ilitumia sehemu ya mali ile kujenga shule, na kwa muda wa miaka mitano hivi ikajenga shule za msingi zaidi ya 61,000, tena ikazitafutia waalimu. Miaka mingi baadaye mwanachuoni Esther Duflo aliwatazama watoto wa siku zile walipokwisha kuwa watu wazima wenye kazi. Alilinganisha sehemu zilizopata shule nyingi na zilizopata chache, na wale waliowahi kusoma humo na wale waliokuwa wamekwisha kupita umri. Katika habari aliyoitoa mwaka 2001, alionyesha kwamba kwa kila shule moja iliyojengwa kwa watoto 1,000, mishahara ya watoto wa sehemu ile ilipanda kati ya asilimia 1.5 na 2.7. Mafuta yale yamekwisha kuchomwa, na moshi wake umepotea. Lakini ile sehemu iliyogeuzwa kuwa shule iliendelea kuleta chakula mezani.

Huko Marekani nako watu walibishana tangu mwaka 1966, James Coleman alipotoa taarifa yake kwamba hali ya nyumbani kwa mtoto ina nguvu kuliko fedha ya shule. Lakini mwaka 2016 watafiti watatu, Jackson, Johnson na Persico, walifuata maisha ya watoto waliozaliwa kati ya 1955 na 1985, ambao shule zao zilibadilishiwa fedha kwa amri za mahakama. Wakaona kwamba fedha ikiongezwa kwa asilimia 10 katika miaka yote 12 ya shule, mtoto hupata ujira mkubwa zaidi kwa asilimia 7 hivi akiwa mtu mzima. Na kwa watoto wa maskini faida ilizidi hapo. Fedha ile ilikwenda kwa waalimu zaidi, mishahara bora, na siku nyingi zaidi za masomo. Haikufanya kazi kwa mwaka mmoja. Iliendelea miaka 12.

Basi neno la wale wanaosema fedha haina faida limeanguka. Lakini tusiharakishe kushangilia.

3. Fedha iliyofika, na maarifa yasiongezeke

Katika nchi yetu wenyewe, mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza lilifanya jaribio liitwalo KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya kumi. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, juu ya ile ya serikali. Shule nyingine 70 hazikupewa ruzuku, bali waalimu wa madarasa matatu ya kwanza waliahidiwa malipo kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Shule 70 nyingine zilipewa vyote viwili. Zilizobaki, 140, ziliachwa kama zilivyokuwa, ili zilinganishwe na zile.

Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2019, yatupasa kuyaweka moyoni. Zile zilizopewa ruzuku peke yake zilinunua vitabu na vifaa, lakini baada ya miaka miwili watoto wao hawakuwapita wenzao katika maarifa. Zile zilizopewa ahadi ya malipo peke yake zilionyesha faida ndogo, isiyo thabiti. Lakini zile zilizopewa vyote viwili, watoto wao waliendelea waziwazi, tena kupita jumla ya yale mawili yakipimwa mbalimbali. Kitabu bila mwalimu mwenye bidii hubaki kabatini. Na mwalimu mwenye bidii bila kitabu huchoka upesi. Wazee wetu walisema zamani, mkono mmoja haulei mwana.

Jambo jingine lilionekana humo, nalo linatugusa sisi wazazi. Shule zilipopata ruzuku, wazazi walipunguza fedha waliyotumia kwa masomo ya watoto wao. Huko Zambia watafiti waliona hivyo hivyo: ruzuku ambayo wazazi waliijua mapema na kuitarajia haikuongeza maarifa, kwa kuwa walirudisha mkono wao, ile iliyokuja bila kutazamiwa ndiyo iliyoongeza. Hatuwalaumu, kwa maana aliye maskini akipata nafuu upande mmoja, huziba tundu upande mwingine. Lakini mtoto hupata kile kile cha jana.

4. Palipofanyika vema mkoani kwetu

Kuanzia 2014 hata 2020 ulikuwako mradi wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na serikali ya Uingereza, na Mara ilikuwa mojawapo ya mikoa yake. Fedha ile iliwafundisha waalimu waliokuwa kazini namna ya kuwafundisha wadogo kusoma. Iliwafundisha waalimu wakuu kusimamia shule. Ilihimiza Umoja wa Wazazi na Walimu. Tena ilisaidia kuwaandaa watoto wasiopata darasa la awali. Waliokuja kupima waliona maendeleo katika Kiswahili cha watoto wa darasa la tatu. Sisi twafahamu thamani ya jambo hili. Mtoto wetu hunyonya Kikuria, au Kingoreme, au Kiikoma, na siku ya kwanza darasani hukuta lugha ngeni. Asiposaidiwa hapo, miaka yote ya shule ya msingi hunakili herufi asizozijua maana.

5. Dhahabu na wanyama

Sasa turudi nyumbani. Mgodi wa North Mara, huko Nyamongo katika wilaya ya Tarime, ulianza kazi mwaka 2002. Kwa sheria za nchi, kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma katika mapato ya mauzo yake. Tena tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mgodi hupaswa kupanga pamoja na halmashauri yale utakayoyatenda kwa ajili ya wananchi. Upande wa Serengeti, vijiji vitano vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona hupata fungu katika mapato ya wageni wajao kutazama wanyama. Hivyo Mungu ameweka mali mlangoni petu.

Lakini dhahabu ni kama mafuta ya Indonesia: ikichimbwa leo, kesho haipo. Kijana asiyejua kusoma atabeba mawe ya mgodi hata mgodi ufungwe. Aliyesoma akapata cheti cha ufundi wa umeme au wa mitambo, mgodi ukifungwa atachukua cheti chake aende Geita au Mwanza. Kadhalika katika hoteli za Serengeti: yule asomaye na kusema lugha za wageni huongoza safari; asiyejua hufagia. Tukila mali hii bila kuigeuza kuwa maarifa, wajukuu wetu watarithi mashimo.

Wala tusisahau binti zetu. Ukifika msimu wa tohara, mwezi wa Desemba, wako wasichana wanaokimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu, ili wasikeketwe na kuozwa. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Binti akitolewa darasani ili mahari iingie zizini, yote yaliyotumika kwake tangu darasa la kwanza yamekatizwa njiani, na ng'ombe wale hawawezi kumrudishia.

6. Yatupasayo kutenda

Kwanza, tuhesabu. Wazee wa usharika walio katika kamati za shule waulize kila robo mwaka: Imeingia shilingi ngapi? Imetumika kwa nini? Haifai kuuliza kwa hasira kama mpelelezi. Yafaa kuuliza kama mwenye mali. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, ruzuku ikija, tusirudishe mkono. Ikiwa serikali imenunua kitabu, basi shilingi iliyokuwa ya kitabu inunue daftari, au taa ya kusomea usiku, au uji wa mchana kwa mapatano ya wazazi.

Tatu, tumtie nguvu mwalimu. Hatusemi wazazi wamlipe kwa kila mtoto anayefaulu. Hilo si kazi yetu. Lakini mwalimu aliyepewa nyumba nzuri na maji karibu, naye ajua kwamba jioni mzazi atafungua daftari la mtoto, hufundisha kwa moyo mwingine.

Nne, mikutano ya kijiji ipangapo fungu la mgodi au la wanyama, tuwepo, tuseme. Ukuta mpya ni mwema, lakini tuulize pia nani atafundisha ndani yake.

Tano, tuvumilie. Mpanda uwele huvuna mwaka huohuo. Mpanda mwembe hungoja. Shule ni mwembe.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya akina mama, akina baba na vijana

1. Shule ya kijiji chetu ilipata ruzuku kiasi gani mwaka jana, na nani kati yetu ajuaye?

2. Tangu ada ilipofutwa, tumeongeza au tumepunguza tunayotumia kwa masomo ya watoto?

3. Kati ya watoto wetu wa darasa la tatu, wangapi wawezao kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuueleza? Tuwasikilize wenyewe, tusikisie.

4. Ni nani mwalimu aliyehama kijijini kwetu, na sisi tulikuwa na sehemu gani katika kuhama kwake?

Twawaomba wazee walijibu swali la kwanza kabla ya mkutano ujao, tena kwa hesabu iliyoandikwa. Tukianza na daftari hilo moja, mengine yatafuata. Bwana awabariki ninyi na watoto wenu.