Mishipa ya Shingo Haifanani

Katika somo la elimu ya viumbe twaonyeshwa picha ya mwili na kuambiwa, “Mshipa huu hupita hapa.” Picha ile ni kweli kwa watu wengi, lakini si kwa kila mtu. Leo nataka tulitazame jambo hili katika shingo.

Mwangalieni mpiga tarumbeta anapokaza pumzi. Mshipa hutuna upande wa shingo, kutoka karibu na pembe ya taya kushuka mpaka mtulinga. Huo huitwa vena ya jugula ya nje. Wengine wanayo miwili upande mmoja. Wengine hawana kabisa. Mbele ya shingo mna vena mbili ndogo, lakini pengine huwa moja tu, nayo hupita katikati. Ndani zaidi imo vena ya jugula ya ndani, ile kubwa irudishayo damu ya ubongo. Desturi yake ni kukaa ubavuni mwa ateri kubwa, upande wa nje. Kwa watu wengine hulala mbele ya ateri hiyo.

Yatufaa nini kuyajua hayo? Kutoka Old Kampala twaona kilima cha Namirembe, ambako Dakta Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Daktari wa hospitali yo yote anapopasua rovu, au anapotoboa koo la mtu aliyezibwa pumzi, kisu chake hupita katikati ya mishipa hii. Akikata vena asiyoitazamia, damu humwagika na kumficha kazi yake. Tena mgonjwa avutapo pumzi, vena iliyo wazi yaweza kufyonza hewa, nayo ikifika moyoni yaweza kumwua. Kwa hiyo mpasuaji hutafuta kwanza, hufunga vena kwa uzi, ndipo hukata. Siku hizi, kabla ya kuchoma sindano katika jugula ya ndani, madaktari wengi huitazama kwa mashine ya mawimbi ya sauti.

Ninyi mnaotamani udaktari, unaofundishwa Makerere tangu 1924, anzeni leo. Choreni mishipa ya mgongo wa mkono wa kuume, kisha ya mkono wa kushoto. Mtaona kwamba hata mikono ya mtu mmoja haifanani.