Ramadhani, Siku ya 12: Kijana na kibarua chake cha kwanza



Jana baada ya Alasiri mzazi mmoja alinivuta pembeni. Mwanawe yuko kidato cha tatu, amepata kibarua cha saa mbili kila jioni kwenye duka la tende, mpaka Idi. "Ustadhi, watu si watasema nimeshindwa kumlea?" Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kukopeshwa.

Ndugu yangu, mtazame Nabii Musa (a.s.). Katoka Misri anakimbia, hana kitu. Kufika Madyan, binti wa yule mzee akamshauri baba yake amwajiri, na sifa alizozitaja ni mbili tu: nguvu na uaminifu (Suratul Qasas, aya ya 26). Wakapatana miaka minane, akipenda atimize kumi. Na Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyopokea Imam Bukhari, aliwachungia mifugo watu wa Makka kwa ujira. Sasa aibu iko wapi?

Nguvu kijana ataipata hata kwenye mpira. Uaminifu haujulikani mpaka ashike pesa ya mtu. Darasani nafundisha amana kila mwaka, wanafunzi wananiandikia majibu mazuri, nami napiga vema. Hayo ni ya kwenye daftari.

Mimi somo hilo nililipata kwenye mizani. Nilikuwa na miaka 16, Ramadhani kama hii, namuuzia jirani yetu tende sokoni. Magharibi inakaribia, watu wamejazana. Bibi mmoja akanipa noti, nikamrudishia chenji pungufu, shilingi mia mbili. Nikagundua naye hajafika hata kona. Nikanyamaza. Na nimefunga, jamani! Tumbo limefunga, mkono umeshafuturu kabla ya adhana. Usiku sikulala. Kesho yake nikamngoja, na keshokutwa, hakupita tena. Mwalimu wangu wa madrasa akanielekeza niitoe sadaka kwa niaba yake, nikaitoa. Lakini mpaka leo nikiona kanga ya rangi ile, nageuka kutazama.

Kwa hiyo nilimwambia yule mzazi: mwache aende. Ila masomo yasiguswe, na swala isicheleweshwe kwa sababu ya wateja. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 nayo iko wazi: chini ya miaka 14 haajiriwi, na aliyefika 14 ni kazi nyepesi tu, isiyomharibia shule. Akilipwa, usimpokonye. Kaa naye, muulize ataifanyia nini.

Na wewe mwenye duka, mwambie siku ya kwanza kabisa atapata kiasi gani. Hii ya "njoo unisaidie, tutaangalia" siyo mapatano. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, asimlipe ujira wake. Mtoto wa mwenzako hatakudai. Atakuonea haya, atanyamaza, na Idi itapita.

Yule kijana anaanza leo saa kumi. Mkipita kununua tende, hesabuni chenji pamoja naye, taratibu, msimharakishe.