Mimba Isipopatikana, Mume Naye Apimwe



Tangu kambi ya Dzaleka ifunguliwe mwaka 1994 hapa wilayani Dowa, tumekutana watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia, kila mmoja na mila zake. Lakini ndoa ikipita mwaka bila mimba, mara nyingi anayeulizwa ni mke. Yeye ndiye hupelekwa kwa waganga, na pengine hupewa talaka, ilhali mume hajapimwa hata mara moja. Somo hili linaonyesha kwa nini hiyo si haki, kwa elimu ya mwili na kwa dini yetu.

Maana yake

Shirika la Afya Duniani linauita ugumba pale mimba inapokosekana baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Kwa makadirio yake ya mwaka 2023, mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na hali hiyo katika maisha yake. Sababu huweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili.

Mume asijipime kwa nguvu zake za chumbani. Nguvu ni jambo moja, mbegu ni jambo jingine. Mafakihi wetu pia walitofautisha innin, asiyeweza tendo la ndoa, na aqim, asiyezaa.

Sababu kwa mume

Mbegu hutengenezwa katika korodani kwa muda wa siku 74 hivi, na huhitaji joto lililo chini kidogo ya joto la mwili. Mambo haya huziharibu au huzizuia:

1. Varikosili, yaani vena zilizovimba ndani ya mfuko wa korodani. Wanaume 15 hivi kati ya 100 wanazo. Wengi wao huzaa, lakini kwa wasiozaa hupatikana zaidi. Upasuaji huweza kusaidia.

2. Kuziba kwa mirija. Kisonono na klamidia zisipotibiwa mapema huweza kuacha makovu yanayozuia mbegu kupita.

3. Kichocho. Vijidudu vyake vimo katika Ziwa Malawi, na mayai yake huweza kukaa kwenye tezi dume na viungo vingine vya uzazi. Watafiti wameyakuta kwa wavuvi wa Mangochi. Ukiona damu kwenye mkojo au manii, nenda hospitali.

4. Matubwitubwi yanayompata mtu baada ya kubalehe, na korodani ambazo hazikushuka tangu utotoni.

5. Kromosomu na homoni. Mvulana 1 hivi kati ya 600 huzaliwa na kromosomu X ya ziada. Sindano za testosteroni za kujenga misuli nazo huzima utengenezaji wa mbegu.

Kipimo

Mume hujizuia siku 2 hadi 7, kisha hutoa manii, na mkewe anaweza kumsaidia. Asifanye hivyo mchana wa Ramadhani, kwani saumu itabatilika. Maabara huhesabu mbegu na kutazama mwendo na umbo lake. Mbegu zikiwa chini ya milioni 16 kwa mililita moja, hiyo bado si hukumu, kipimo hurudiwa. Anzia kituo cha afya cha kambini, na uulize kuhusu rufaa ya Lilongwe.

Dini inasemaje?

Katika Suratu Shura, aya ya 49 na 50, Allah anabainisha kuwa Yeye ndiye atoaye watoto, na ndiye amfanyaye amtakaye kuwa aqim. Neno hilo ni la mume na mke sawa. Pia imepokewa kwamba Umar ibn al-Khattab alimuuliza mwanamume asiyezaa, aliyekuwa ameoa, kama alimweleza mkewe hali yake. Alipojibu kuwa hakumweleza, Umar alimwamuru aende akamweleze, kisha ampe hiari ya kubaki au kuondoka.

Basi kaka zangu, kabla ya kutamka talaka au kutafuta mke wa pili kwa sababu ya mtoto, pimeni. Nanyi dada, msikubali kubebeshwa peke yenu jambo la watu wawili. Kupima hakupingani na tawakkul, na kumsingizia mke bila ujuzi ni dhulma.

Wallahu a'lam.