Hedifoni kwa mwenye kipandikizi cha koklea

Swali: Binti yangu wa miaka 13 ana kipandikizi cha koklea. Nimnunulie hedifoni gani?

Jibu: Za kuchomeka tunduni achana nazo, mama. Maikrofoni yake kwa kawaida iko kwenye prosesa nyuma ya sikio, kwa hiyo sauti ingeishia tunduni bure. Tafuta kubwa zinazofunika sikio na prosesa pamoja. Nenda naye dukani azivae, azisogeze juu kidogo mpaka asikie vizuri.

Ila kwanza ulizeni kliniki aina ya prosesa. Nucleus 7, ya mwaka 2017, hupokea sauti ya iPhone moja kwa moja, bila hedifoni. Prosesa yenye telekoili, yaani koili ndogo inayopokea sauti kwa sumaku, hutumia kitanzi cha shingoni. Muziki aanze na mwimbaji mmoja na gitaa. Taarabu yenye vyombo vingi itamchanganya.