SOMO LA UFUNDI: TUTENGENEZE ALA YA MUZIKI INAYOPIGWA KWA MWANGA



Watu wa Iringa na Mbeya si wageni wa kutengeneza ala za muziki. Wahehe wana ligombo, ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliinasa sauti ya ligombo kwa mitambo yake, na hadi leo inasikika. Jirani zetu Wagogo wana ilimba. Ala hizo zote hupigwa kwa kuguswa. Leo tutajifunza ala isiyoguswa. Unaweka mkono mbele ya mwanga wa tochi, nayo inaimba.

Asiyejua atasema, "Hicho ni kiini macho!" Hapana. Ni umeme mdogo wa mawe ya redio, na kila hatua yake ina sababu.

WENZETU WALIOTANGULIA

Karibu na mwaka 1920, Mrusi aitwaye Leon Theremin alitengeneza ala ya umeme ambayo mpigaji huipungia mikono tu hewani. Mwaka 1981 Mfaransa Bernard Szajner alionyesha kinubi ambacho nyuzi zake ni miali ya mwanga.

Msidhani kazi hii ni ya Ulaya tu. Huko Kinshasa, Kongo, mzee Mingiedi Mawangu na kikundi chake cha Konono Na. 1 waliunganisha likembe na umeme. Likembe ni ndugu wa ilimba. Walitumia sumaku kutoka kwenye vyuma chakavu vya magari. Muziki wao ulifika hadi Ulaya. Basi, chakavu si takataka kwa mtu mwenye maarifa.

JICHO LA MWANGA NI NINI?

Ni kidude kidogo cha mviringo chenye miguu miwili ya waya. Juu yake kuna mstari unaopindapinda kama njia ya mlimani. Dukani huitwa kwa herufi tatu: LDR. Likipata mwanga, hufungua njia na umeme hupita kwa urahisi. Likiwa gizani, hubana njia. Jicho la namna hii hutumika pia katika taa za nje zinazojiwasha zenyewe jua likizama.

Sasa, inakuwaje mwanga ugeuke sauti? Sauti ni mtetemo. Ukipiga ngoma, ngozi hutetemeka. Katika ala yetu, kidude chenye miguu minane kiitwacho 555 huwasha na kuzima umeme haraka sana, na karatasi ya spika hutetemeka. Kidude hiki kilianza kuuzwa mwaka 1972. Umeme ukipita kwa urahisi, mtetemo ni wa haraka na sauti huwa nyembamba. Umeme ukibanwa, mtetemo ni wa polepole na sauti huwa nzito.

VIFAA

1. Kidude cha 555.
2. Jicho la mwanga (LDR).
3. Rezista ya omu 1,000 na rezista ya omu 100.
4. Kapasita ndogo iliyoandikwa 104.
5. Kapasita ya mviringo iliyoandikwa 10 µF.
6. Spika ya redio iliyokufa. Redio ikifa, mara nyingi spika yake bado ni nzima.
7. Mawe manne ya tochi, yaliyopangwa kwa mstari mmoja.
8. Waya, tochi, kipande cha mwanzi na kibuyu au debe.

Ukienda mjini Mbeya au Iringa, waulize mafundi wa redio. Lakini usinunue kwa kuambiwa tu, "Hii ndiyo." Soma mwenyewe!

KUSOMA RANGI

Hapa ndipo kisomo kinapoleta faida. Rezista haina maandishi. Ina mistari ya rangi, na kila rangi ni namba. Nyeusi ni 0, kahawia ni 1, nyekundu ni 2. Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu. Mstari wa tatu hutaja idadi ya sifuri za kuongeza.

Kahawia, nyeusi, nyekundu: 1, 0, kisha sifuri mbili. Jibu ni 1,000.
Kahawia, nyeusi, kahawia: 1, 0, kisha sifuri moja. Jibu ni 100.

Mstari wa mwisho, mara nyingi wa dhahabu, usiuhesabu. Anza kusoma upande wa pili.

Mwaka 1973 wananchi walikusanyika vijijini kusikiliza redioni kampeni ya Mtu ni Afya. Wengi waliijua redio kwa sauti yake tu. Anayejua namba na rangi hizi anaweza sasa kuisoma redio kwa ndani. Hadanganyiki dukani, wala hatishiki na kitu ambacho sababu yake anaijua.

KUUNGANISHA

Weka kidude cha 555 mezani, pengo lake dogo likiwa juu. Miguu ya kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni 1, 2, 3, 4. Ya kulia, kutoka chini kupanda juu, ni 5, 6, 7, 8.

1. Mguu wa 1 uende kwenye hasi (-) ya mawe.
2. Mguu wa 4 na wa 8 iende kwenye chanya (+).
3. Unganisha mguu wa 2 na wa 6 kwa waya.
4. Rezista ya 1,000 iwe kati ya mguu wa 7 na wa 8.
5. Jicho la mwanga liwe kati ya mguu wa 7 na wa 6.
6. Kapasita ya 104 iwe kati ya mguu wa 2 na wa 1.
7. Mguu wa 3 uende kwenye chanya ya kapasita ya 10 µF. Upande wake wa pili uende kwenye rezista ya 100, kisha kwenye spika. Waya wa pili wa spika urudi kwenye hasi.

Mguu wa 5 hauna kazi, uache. Kama huna chombo cha kulehemu, mpelekee fundi pamoja na gazeti hili. Msomee hatua moja moja.

Kidude kikipata moto, toa mawe mara moja. Huenda umegeuza chanya na hasi.

KUPIGA

Tumbukiza jicho ndani ya mwanzi mfupi, urefu wa kidole. Mnaogema ulanzi, mianzi mnayo. Mwanzi huzuia mwanga wa pembeni. Weka spika juu ya kibuyu ili sauti ikue. Jioni, ndani ya nyumba, elekeza tochi kwenye mdomo wa mwanzi. Mwali wa tochi ndio uzi wako. Uzibe kidogo kwa vidole, sauti itashuka. Uachie, itapanda. Uzibe kabisa, utasikia kama mtu anagonga mlango.

Ala moja ina mwali mmoja. Watu wanne wakitengeneza nne, kila mmoja achukue sauti yake, kama kwaya.

TAHADHARI

Usitumie kamwe umeme wa ukutani. Huo huua. Mawe manne yanatosha. Usifungue taa ya nje ili kutoa jicho wakati bado imeungwa na umeme. Usitumie tochi za leza, huumiza macho. Jicho la mwanga lina kadimi, ambayo ni sumu. Usilivunje, usimwachie mtoto alitie mdomoni, wala usilitupe mtoni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Rezista ya nyekundu, nyeusi, nyekundu ni ya omu ngapi?
2. Kwa nini sauti hushuka ukiziba mwanga?
3. Kwa nini tunatumbukiza jicho ndani ya mwanzi?
4. Ukiiweka ala hii ndani ya sanduku la fedha za kikundi na kulifunga, utasikia nini? Mtu akilifungua mchana, utasikia nini?

Jibuni pamoja katika kikundi chenu cha kisomo. Mkibishana juu ya swali la nne, msigombane. Tengenezeni ala, mkajaribu.